Rangi ndani ya soketi: kisa cha chumba cha kupanga Tabata

Nyumba yenyewe iko Tabata, Dar es Salaam, ni zile za kawaida za kupangisha: vyumba vitatu vya "chumba na sebule" kwenye ua mmoja, choo ndani, jiko dogo, na fremu ya duka inayotazama barabarani. Wapangaji watatu wanachangia LUKU moja, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Fremu ina LUKU yake. Mpangaji aliyetoka aliacha kuta zina mafuta na alama za mikono ya watoto, hivyo mama mwenye nyumba akaita fundi rangi kabla ya mpangaji mpya kuingia. Dada aliyehamia alilipa kodi ya miezi sita, akamlipa dalali, akaingia kwenye chumba kinachonukia rangi mbichi. Kila kitu kilikuwa cheupe, zikiwemo soketi nne, swichi za taa na skrubu zake.

Mimi ni fundi umeme, na nimeamua kukiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu karibu kila nyumba ya kupanga ninayoitwa huwa na angalau soketi moja ya namna hii, na karibu kila mara nakuta kuna mtu ameshaanza kuichokoa kabla sijafika. Rangi yenyewe huwa haiui mtu. Hatari iko kwenye jinsi tunavyoitoa, na kwenye imani kwamba soketi isiyopitisha umeme vizuri ni soketi isiyo na umeme.

Tuanze na rangi ilivyoingia. Fundi rangi alipiga puti ukuta mzima, akasugua kwa msasa, kisha akapita na rola yenye rangi ya maji. Hakulegeza soketi wala hakubandika tepu. Vumbi la puti liliingia kwenye matundu kwanza, rola ikafuata na rangi ikalikuta vumbi hilo ndani. Matokeo yake ni kitu kama ute mzito unaokauka kwa siku kadhaa. Kwa nje unaona matundu yamezibwa na ngozi nyeupe tu, lakini kwa ndani rangi imeteremka hadi kwenye vibano vya shaba vinavyoshika meno ya plagi. Jikoni hali ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu pale alitumia rangi ya mafuta, na rangi ya mafuta ikikauka kwenye shaba haitoki kwa kukwangua kidogo.

Soketi zetu nyingi Tanzania ni zile za matundu matatu ya mstatili, kwa mtindo wa Uingereza. Tundu la juu ni la ethi, waya wa usalama unaokwenda ardhini. Jino la ethi kwenye plagi ni refu kuliko mengine mawili, na si kwa bahati: kwenye soketi nyingi ndilo linalotangulia kuingia na kusukuma kizibo cha plastiki kilicho ndani, ambacho hufungua njia kwa meno ya moto (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha). Ukichomoa plagi, springi inarudisha kizibo. Hicho ndicho kinachomlinda mtoto anayechomeka msumari au kijiko. Sasa rangi ikishaingia humo, kizibo kinaweza kugoma kikiwa kimefungwa, au kikagoma kikiwa wazi. Kikigoma kimefungwa, plagi haiingii na mtu anakasirika. Kikigoma wazi hakuna anayelalamika, kwa sababu plagi inaingia vizuri sana, na mtoto anayetambaa amebaki bila ulinzi. Kwenye sebule ya dada huyu mojawapo ya soketi ilikuwa ya aina hiyo ya pili, na ana mtoto wa mwaka na miezi.

Alichofanya yeye kwanza kilikuwa sahihi kabisa. Siku aliyoingia alipiga picha za soketi zote, akamtumia mama mwenye nyumba kwa WhatsApp na ujumbe mfupi kwamba plagi haziingii. Jibu lililorudi ni kwamba ni rangi tu, atoe kwa bisibisi. Picha hizo zilikuja kuwa na kazi kubwa baadaye.

Mdogo wake wa kiume, kijana wa chuo, ndiye aliyeshika kazi. Alikuwa na testa, ile bisibisi yenye kitaa kidogo kwenye mpini. Akaichomeka kwenye tundu la moto la soketi ya jikoni, akaweka kidole nyuma ya mpini, kitaa hakikuwaka. Akajaribu tena, giza. Akahitimisha kwamba soketi hiyo imekufa, kwamba waya umekatika huko ndani, na kwamba anaweza kuichokoa bila hofu. Akachukua kisu cha jikoni chenye ncha, chenye mpini wa plastiki, akaanza kuchimba. Kisu kilipopasua ngozi ya rangi kikagusa kibano cha moto huku ubavu wake ukigusa upande wa ethi. Kukatoka cheche na mlio, breka ikaruka, na ncha ya kisu ikayeyuka kiasi cha punje ya mchele. Mkono wake ulikuwa kwenye plastiki. Angekuwa ameshika chuma, au angekuwa na mkono mwingine kwenye bomba la sinki, ningekuwa naandika kisa tofauti.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, na naomba msomaji asipite haraka. Testa ile haikuwa mbovu. Ili kitaa chake kiwake, ncha lazima iguse chuma chenye umeme, na mkondo mdogo sana upite kwenye mwili wako kwenda ardhini. Kwenye soketi iliyoziba, ncha inagusa rangi, na rangi iliyokauka ni kihami, haipitishi umeme. Kitaa hakiwezi kuwaka hata kama volti 230 zimekaa milimita moja nyuma ya ngozi hiyo. Yaani kitu kilekile kinachokufanya utake kuchokoa ndicho kinachokidanganya kipimo chako. Hata maltimita ya bei kubwa itakudanganya vivyo hivyo ukiingiza ncha zake kwenye matundu yenye rangi. Ukiongeza kwamba kijana alivaa ndala za mpira na kusimama juu ya zulia, testa ilikuwa na sababu mbili za kunyamaza. Kwa hiyo sheria yangu kwa soketi iliyopakwa rangi ni hii: kipimo cha kwenye matundu hakihesabiki. Kikisema kuna umeme, amini. Kikisema hakuna, hujajua kitu.

Wapo wanaosubiri umeme ukatike ndipo waanze kuchokoa. Nimewahi kusikia hoja hiyo hata kwa watu wazima wenye akili zao: "TANESCO wamekata, tumia nafasi." Umeme uliokatwa na TANESCO, shirika la umeme, unarudi muda wowote bila kubisha hodi. LUKU iliyoisha uniti nayo ni vilevile, hasa kwenye nyumba ya kuchangia, kwa sababu jirani anaweza kuingiza tokeni wakati wewe umeshika waya. Ukiwa hujazima swichi kwa mkono wako na kuhakikisha hakuna mwingine atakayeiwasha, hujazima.

Baada ya breka kuruka, kijana aliirudisha juu na umeme ukakaa. Hapo ndipo walipofanya jambo jingine la busara: wakaiacha soketi ya jikoni, wakabandika karatasi juu yake, na dada akanipigia. Kwa siku hizo walikuwa wanategemea zaidi soketi moja ya sebuleni, ambayo plagi ilikuwa inaingia kwa kulazimisha. Hapo waliunga ekstensheni, na kwenye ekstensheni wakaweka birika la umeme, chaja na redio.

Nilipofika mama mwenye nyumba naye alikuwepo. Tukasalimiana, nikampa shikamoo yake, akaniambia moja kwa moja: "Mwanangu, hizo soketi hazina miaka mingi. Toa rangi, watu waendelee. Mbona simu inachaji?"

Swali lake ni zuri kuliko anavyodhani, na ndilo linalowapoteza watu wengi. Simu inachaji, kweli. Chaja ya wati 10 inavuta mkondo wa karibu 0.04 ampea. Mkondo mdogo hivyo unapita hata kwenye mgusano mbovu bila kuacha alama. Sasa weka birika la wati 2000. Kwa volti 230, linavuta karibu ampea 8.7. Tuseme rangi na vumbi vimeacha ukinzani wa nusu omu tu kati ya jino la plagi na kibano. Joto linalozaliwa pale ni mkondo mara mkondo mara ukinzani: 8.7 mara 8.7 mara 0.5, karibu wati 38. Hiyo ni nguvu ya pasi ya kuchomelea risasi ya fundi redio, imefichwa ndani ya plastiki, ukutani, nyuma ya pazia. Kwa chaja ya simu, mgusano uleule unazalisha joto la karibu sehemu moja ya elfu ya wati. Ndiyo maana soketi inaweza kuchaji simu mwaka mzima na ikaungua siku ya kwanza unapochemsha maji.

Nilimweleza mama hivyo, kwa maneno mepesi zaidi, akauliza swali la pili ambalo nalo ni zuri: basi breka si itakata? Haitakata. Breka inaangalia mkondo uliozidi, na hapa mkondo haujazidi. Birika linavuta ileile ampea 8.7 au pungufu kidogo. Fyuzi ya 13 iliyo ndani ya plagi nayo haioni kitu. Hata kile kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampea 30, ambacho nyumba nyingi za kupanga hazina, hakitagundua, kwa sababu hakuna umeme unaovuja kwenda ardhini. Mgusano mbovu unapika taratibu na walinzi wote watatu wamelala. Dalili zake unazipata kwa mkono, pua na sikio: plagi ikichomolewa ina joto, kuna harufu kama ya samaki au plastiki inayoungua, kuna mlio mdogo wa kukwaruza ndani ya soketi, au pembeni mwa tundu panageuka rangi ya chai.

Plagi ya ekstensheni yao ya sebuleni ilikuwa na joto. Nikawaomba wachomoe birika palepale.

Kuzima umeme kwenye nyumba ya kuchangia ni kazi ya watu zaidi ya ile ya nyaya. Boksi la breka liko barazani, na lina meni swichi moja kwa vyumba vyote vitatu. Ningeweza kushusha breka ya soketi za chumba cha dada peke yake, lakini sikutaka, na sababu yake inafaa kusemwa. Breka ndogo za nyumba zetu hukata waya wa moto tu. Kama nyumba iliwahi kuguswa na kishoka, yaani fundi asiye rasmi, akageuza moto na nyutro, breka itakata nyutro na moto utabaki umekaa kwenye soketi ukikungoja. Vilevile haikuandikwa popote breka ipi ni ya chumba kipi. Meni swichi inakata nyaya zote mbili. Kwa hiyo tuliongea na majirani. Mmoja anauza barafu na juisi, friji yake haipendi kuzimwa, tukapatana saa za asubuhi wakati barafu imeshaganda na mwanga wa jua unatosha kufanyia kazi bila taa. Nikazima meni, nikafunga boksi kwa kufuli ndogo, ufunguo nikautia mfukoni. Kwenye boksi nikabandika karatasi: "USIWASHE, FUNDI YUKO KAZINI." Karatasi peke yake haitoshi, kwa sababu anayetoka kazini amechoka na kukuta giza huwa hasomi.

Kabla ya kuzima, maltimita niliijaribu kwenye soketi ya fremu ya duka, yenye LUKU yake, ikasoma volti inavyotakiwa. Hii ndiyo faida ya kuwa na chanzo kingine karibu: baada ya kupima kwenye soketi zilizozimwa unarudi tena dukani kuhakikisha kipimo hakijafa katikati. Kipimo kinachosoma sifuri kinaweza kuwa kimeishiwa betri tu.

Soketi ya jikoni ndiyo niliyoianza. Uso wake ulikuwa umegandishwa ukutani na rangi ya mafuta, hakuna mpaka kati ya plastiki na ukuta. Ukiivuta hivyo, inaondoka na kipande cha ukuta. Nikapitisha wembe wa kukatia karatasi kuzunguka kingo zote nne, taratibu, nikasafisha rangi kwenye vichwa vya skrubu mbili kwa ncha ya bisibisi hadi mfereji ukaonekana. Skrubu zikilegea unavuta uso mbele bila kugusa kitu, kisha unapima pale ambapo rangi haikufika: kwenye vituo vya nyaya, nyuma. Moto kwa nyutro, moto kwa ethi, nyutro kwa ethi. Sifuri mara tatu. Nikarudi dukani, kipimo kikasoma kama awali. Hapo ndipo vidole vinaruhusiwa kuingia.

Nyuma ya soketi hiyo, ya plagi mbili, palikuwa na simulizi yake. Kibano cha moto cha upande wa kushoto kilikuwa na ngozi nyeupe upande mmoja, na upande wa pili alama nyeusi ya kisu. Midomo ya kibano haikuwa inarudi tena ikibanwa. Rangi ilikuwa imekaa kwenye mkunjo wake na kuugandisha. Upande wa kulia, ambao mpangaji aliyetoka aliutumia kwa jiko la umeme, waya wa nyutro ulikuwa umelegea kwenye skrubu, na plastiki yake imekuwa kahawia na ngumu kiasi cha sentimita moja. Huo haukuwa ugonjwa wa rangi, ulikuwa wa zamani, na rangi ndiyo iliyotusaidia kuuona. Nikakata sehemu iliyoungua hadi kwenye shaba inayong'aa. Waya ulibaki na urefu wa kutosha, Mungu mwema, maana mafundi wengi huacha waya mfupi sana ndani ya boksi.

Mama mwenye nyumba akaomba tena kama kibano kinaweza kusafishwa. Kinaweza kukwanguliwa, ndiyo. Lakini siwezi kuona upande wa ndani wa midomo yote, siwezi kujua springi imebaki na nguvu kiasi gani, na vipande vya rangi nitakavyovibandua vitaangukia kwenye kizibo na kukigomesha baadaye. Soketi ni kifaa kimoja kisichofunguliwa na kurekebishwa nyumbani. Bei yake ni ndogo kuliko ya galoni ya rangi iliyoiziba. Nikasema tubadilishe, na ningesema hivyo hata kama ingekuwa nyumba ya mama yangu mzazi.

Kuna dawa za mtaani ambazo nimezikuta zikitumika, na zote naziogopa. Thina na petroli vinalainisha rangi, lakini pia vinapasua plastiki na kuacha mvuke ndani ya boksi, halafu mtu anawasha swichi yenye cheche ndogo. Maji ya moto kwenye sponji, hapana. Kuchemsha rangi kwa feni ya kukaushia nywele kunalainisha rangi iteremke ndani zaidi. Na ule mtindo wetu wa kuchomeka kalamu au kijiti kwenye tundu la ethi ili chaja ya meno mawili iingie ni mbaya siku zote, ila kwenye soketi yenye rangi una ubaya wa ziada: unasukuma kizibo kilichogoma, kinabaki wazi moja kwa moja.

Soketi za sebuleni zilikuwa mbili. Ile ya ekstensheni ilikuwa na kibano kilichoanza kubadilika rangi, ikatoka. Ile yenye kizibo kilichogoma wazi nayo ikatoka, ingawa ilikuwa inafanya kazi na mama aliipinga zaidi. Nilimwita aangalie kwa tochi: kwenye soketi mpya huoni shaba ukichungulia, kwenye ile unaona shaba inang'aa mbele yako. Mtoto alikuwa amekaa sakafuni, uso wake uko usawa wa soketi. Mama hakubisha tena.

Ya chumbani ilibaki. Rangi yake ilikuwa juu ya uso tu, kwa sababu kabati la mpangaji wa zamani lilikuwa halijatolewa na fundi rangi alipitisha rola pembeni. Matundu yalikuwa safi, kizibo kinarudi, swichi inapiga "ta" kavu inapobonyezwa. Rangi ya usoni inatoka kwa kadi ngumu ya plastiki na kitambaa kikavu, umeme ukiwa bado umezimwa. Lakini kwa kuwa tulishaifungua tukaangalia nyuma, na huko nikakuta waya wa ethi umekunjwa kando, haujafungwa popote. Aliyejenga alileta waya hadi ndani ya boksi halafu hakuufunga. Nikaufunga. Pasi ya chuma ya dada huyo ilikuwa inachomekwa hapo kila siku.

Swichi za kwenye soketi zinastahili neno lake. Kitufe kilichopakwa rangi kinaweza kukaa katikati, hakijawaka wala kuzima. Ndani ya swichi kuna springi inayotakiwa kuachanisha shaba kwa ghafla. Rangi inaifanya iachane polepole, na kwa kila kuachana polepole panatokea cheche ndefu. Ukibonyeza kitufe na kikarudi kwa uvivu, au ukahitaji kukisukuma mara ya pili, usiendelee kukizoesha. Swichi moja ya taa ya jikoni ilikuwa hivyo, tukaibadilisha pamoja.

Vifaa vipya nilivinunua Kariakoo, na kule ukinunua kwa macho ya haraka unarudi na bandia. Naangalia alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), naipima soketi kwa mkono kwa uzito, nachomeka plagi nzuri pale dukani na kuichomoa: ikitoka kama imewekwa kwenye siagi, hiyo ndiyo itakayopata joto hata bila rangi. Baada ya kufunga, umeme ukarudi, nikapima moto uko upande wake, ethi inafika, kisha tukachemsha birika kwenye kila soketi mpya na kugusa plagi kwa nyuma. Plagi zilibaki baridi.

Ukaja mjadala wa malipo. Mama mwenye nyumba alishika alama ya kisu: kijana ndiye aliyeharibu soketi ya jikoni, basi hiyo ailipe dada yake. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli, na ndiyo inayowashinda wapangaji wengi kwa sababu wanakuwa wameshagusa. Hapa picha za WhatsApp zikaokoa jahazi. Zina tarehe ya siku ya kuingia, zinaonyesha matundu yamezibwa kabla kisu hakijafika, na chini yake kuna jibu la mama mwenyewe la kutoa kwa bisibisi. Mimi nilisema nilichokiona: kibano cha kulia hakikuguswa na kisu na bado kilikuwa na rangi, na waya wa nyutro uliungua siku nyingi. Soketi ile ilikuwa ya kutoka kwa vyovyote vile. Mama ni mtu wa haki. Alinyamaza kidogo, akasema atalipa vifaa na ufundi wote, na fundi rangi wataelewana. Isingekuwa hivyo, hatua iliyofuata ingekuwa kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambako mikataba mingi ya nyumba hugongwa muhuri, na ambako picha yenye tarehe ina uzito kuliko maneno.

Msimamo wangu kuhusu gharama ni kwamba anayeagiza rangi ndiye anayebeba soketi zilizozibwa na rangi hiyo. Mpangaji akipaka mwenyewe kwa ruhusa, ni mzigo wake. Mwenye nyumba akiagiza, ni wake, na nyaya zilizo baada ya mita ni za mwenye nyumba, TANESCO hawahusiki nazo. Mpangaji asibadilishe soketi kimyakimya ili kuepusha maneno, hata kama anajua kazi. Kukitokea moto ataulizwa kwa nini aligusa. Aite, aandike, apige picha, na adai fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Kwa anayesoma akiwa ndani ya nyumba ya namna hii sasa hivi na fundi hajafika: usitumie soketi yenye rangi kwenye matundu kwa kitu chochote kinachotoa joto, yaani birika, pasi, jiko, hita ya kuogea ya kuchomeka. Usiongezee ekstensheni juu yake. Plagi isipoingia kwa nguvu ya kawaida ya mkono, iache. Kama ina kizibo kilichogoma wazi na kuna mtoto, hamisha kochi au kabati lizuie, au omba breka yake ishushwe ukiwa unaijua. Ikianza kunuka au kuwa na joto, usiichomoe plagi kwanza. Zima kwenye breka au meni, halafu ndipo uichomoe.

Chumba cha mwisho cha ua ule kilikuwa bado hakijapakwa rangi, na mama alikuwa ameshaagiza ndoo mbili. Tulipatana naye na fundi rangi, wote watatu tukiwa barazani. Siku ya kazi nitakuja asubuhi kuzima, kulegeza nyuso za soketi na swichi sentimita chache mbele ya ukuta, na kuzifunga mifuko ya nailoni kwa tepu ya karatasi. Chumba hicho kitakaa bila umeme hadi rangi ikauke, kwa sababu uso unaoning'inia na umeme ndani ni hatari kuliko rangi yenyewe. Kisha nitarudi kukaza skrubu na kupima. Fundi rangi alisema itamchelewesha. Mama akamwambia atamlipa hiyo siku.